Kufuga nyenje nyumbani na kuwala: mwongozo kamili kuanzia yai mpaka kwenye uji

Mi ni mtu wa Bukoba, senene, wale panzi wa msimu wanaoliwa, nimeanza kula kabla sijaanza shule. Msimu ukifika, Novemba na Desemba, na ule mdogo wa Aprili na Mei, kwetu watu hawalali, mataa makali yanawashwa, mabati yanasimamishwa, senene wanagonga bati wanateleza mpaka ndani ya pipa, asubuhi familia nzima inakaa chini kunyonyoa mabawa na miguu. Shida ni kwamba msimu ukipita umepita, unakaa miezi unasubiri, na kumbikumbi ni vilevile, mvua ikigoma na wenyewe hawatoki. Senene kumfuga watafiti wamemfuga maabara lakini kwa mtu wa nyumbani bado ni mtihani. Ndo nikaingia kwenye nyenje, na saa hizi naishi Mwanza, nina mabeseni sita kwenye chumba cha nyuma na nyumbani wadudu hawakosekani mwaka mzima. Naandika yote ninayoyajua hapa maana wengi wananiuliza inbox na kila mtu namjibu nusunusu.

Nyenje ni yule anayelia usiku kriii kriii nyuma ya kabati, usimchanganye na chenene anayechimba ardhini. Kenya wako mbele yetu kwenye hili, kule Bondo kaunti ya Siaya Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kina kituo kizima cha wadudu wa kuliwa na kuna wakulima wa kawaida tu wanafuga majumbani. Ripoti ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2013 ilihesabu aina zaidi ya 1,900 za wadudu wanaoliwa duniani, na ikasema watu kama bilioni 2 wana wadudu kwenye mlo wao wa asili, kwa hiyo anayesema hiki ni chakula cha njaa hajui anachosema. Chakula cha mifugo kilo 2 hivi kinakupa kilo 1 ya nyenje, na kwenye huyo nyenje asilimia 80 inaliwa wakati ng'ombe ni kama 40 tu, kingine mifupa na ngozi. Akishakaushwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na ndani kuna madini ya chuma, zinki na vitamini B12.

Kabla hatujaanza shika kitu kimoja, hiki ndo kinawaangusha karibu wote ninaowaona wanaanza: mayai yanataka unyevu, nyenje wenyewe wanataka ukavu. Mtu anachanganya hapo, anamwagia maji beseni zima akidhani anawahurumia, wiki moja ukungu umejaa, wadudu wamelala chali. Ukilielewa hilo, mengine yote ni usafi na subira.

Mbegu unaitoa wapi

Nyenje wanaofugwa sana huku kwetu ni wawili. Kuna yule wa kahawia ya njano mwenye mistari ya giza kichwani, mdogo, mpole, na kuna mweusi mkubwa mwenye madoa mawili ya njano mwanzoni mwa mabawa, huyu anakua haraka ila ni mkali, wanang'atana sana wakibanana. Kwa anayeanza nashauri wa kahawia. Usiokote wa nje chini ya mawe ukamwita mbegu, hujui amepuliziwa dawa gani na hujui ana minyoo gani tumboni. Tafuta anayefuga tayari, nunua bakuli moja au mawili ya mayai, ni rahisi kusafirisha kuliko nyenje wazima. Ukiona mfugaji beseni zake zinanuka au chini kuna wadudu wengi wamekufa, usinunue hata akikupa bure. Na kama unavusha mpaka, pita kwanza kwa watu wa mifugo na kilimo ujue utaratibu, mdudu akipotea kwenye nchi ambayo hayupo siyo jambo la mchezo.

Chumba na joto

Wanataka nyuzi joto 28 mpaka 32. Dar, Tanga, Mombasa huko hamna shida, Mwanza mchana sawa ila usiku panashuka, Bukoba na Arusha ndo kazi. Ukiwa na joto zuri unatoka yai mpaka kuvuna miezi miwili au miwili na nusu, kukiwa na baridi unaweza ukaenda miezi minne na wengi wakafa njiani. Usiweke jiko la mkaa ndani ya chumba, nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wanafanya, gesi yake yenye sumu, hata usipoona moshi, inaweza kukuua. Mi natumia madumu ya lita 5, naweka maji ya moto jioni, navingirisha na kanga kuukuu, nayapanga katikati ya mabeseni, mpaka alfajiri bado yana joto. Mwenye umeme anaweza kuning'iniza balbu ya zamani ile inayotoa joto, iwe mbali na makaratasi. Nunua kipimajoto kile cha kutundika ukutani, usikadirie kwa mkono.

Nyumba ya nyenje

Beseni kubwa la plastiki lenye kuta ndefu na laini, au kreti la plastiki lenye mfuniko, lita 60 kwenda juu, linatosha kuanzia. Kuta zikishakwaruzwa wanapanda, kwa hiyo zungushia selotepu pana ile ya kufungia makatoni, kwa ndani, chini kidogo ya ukingo, wakifika pale wanateleza. Ndani panga trei za mayai, za karatasi, zisimame wima kama vitabu kabatini, usizilaze, zikisimama kinyesi kinadondoka chini na wao wanapata vyumba vingi vya kujificha. Trei ziwe mpya, zenye mavi ya kuku achana nazo.

Sasa mfuniko. Hapa naomba usome taratibu. Beseni langu la kwanza nilifunika na chandarua cha zamani kilichokuwa kimekaa tu kabatini, nikaona ni neti nzuri, inapitisha hewa, nikafunga na mpira vizuri nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta wako chali wote, miguu inatetemeka, wengine bado wanajaribu kujigeuza, kufika saa sita mchana beseni zima kimya. Chandarua kile kilikuwa na dawa ya mbu, na dawa inayoua mbu inaua nyenje hivohivo, hata kama kimefuliwa mara nyingi. Kwa hiyo tumia wavu wa chuma ule wa madirishani, na kitambaa nacho sikushauri maana wanatafuna wanatoboa. Vilevile chumba hicho kisipuliziwe dawa ya mende wala mbu, kisichomwe udi wa mbu, na ukishapaka ile mafuta ya kufukuza mbu usiingize mikono kabla hujanawa.

Adui wa pili ni sisimizi. Wakigundua mayai wanamaliza bakuli usiku mmoja. Weka mabeseni kwenye meza au rafu, kila mguu wa meza uusimamishe ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo juu, meza isiguse ukuta. Mjusi, buibui na panya wavu wa chuma unawazuia, ila kila Jumamosi pitia pembe za chumba.

Chakula na maji

Chakula kikuu ni kile cha vifaranga wa kuku, stata, omba kisicho na dawa. Watoto wadogo wasagie kiwe laini kama unga wa ngano. Juu yake ongeza vumbi la dagaa kidogo, maana protini ikipungua wanaanza kulana wao kwa wao. Weka kwenye kisahani kifupi, usimwage chini kikachanganyika na kinyesi.

Majani wanapenda sana, mchicha, matembele, majani ya maboga, maganda ya karoti, kipande cha papai. Lakini mboga za sokoni nyingi zimepuliziwa, na kiasi cha dawa ambacho wewe hukisikii mwilini kwa nyenje ni kifo, kwa hiyo mi napanda mchicha wangu kwenye viroba nyuma ya nyumba na ndo huo tu nawapa. Kama huna, osha sana na jaribu kwanza kwa nyenje kumi kwenye kopo, subiri siku mbili. Majani ya jana yatoe leo, yasioze ndani.

Maji usiweke kwenye kisahani wazi, wanazama, hasa wadogo. Chukua kifuniko cha chupa au kisosi, jaza pamba au sponji, loweka, wananyonya pale. Pamba badilisha kila siku ya pili, ikianza kunuka umechelewa.

Mayai, hapa ndo penye kazi

Jike utamjua kwa sindano ndefu nyuma, katikati ya zile nyuzi mbili za mkiani. Ile sindano anaichoma kwenye kitu chenye unyevu na kutaga humo, na jike mmoja anaweza kutaga mamia ya mayai maisha yake. Dume ndo anayelia, kwa hiyo ukianza kusikia kelele kwenye beseni jua wamekomaa, baada ya siku chache weka bakuli la kutagia.

Bakuli liwe na kina kama sentimita 5. Jaza udongo mlaini au mchanga uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, lakini kwanza ukaange kwenye sufuria kuukuu kama nusu saa, ufe ukungu na mayai ya sisimizi, uache upoe. Ndipo uloweke. Kipimo ni hiki, chukua ngumi moja ubane, ukishika umbo na maji yasidondoke ni sawa, yakichuruzika kati ya vidole umezidisha, ongeza udongo mkavu. Juu ya bakuli weka kipande cha wavu, jike atapenyeza sindano yake ila hawatoweza kufukua na kula mayai, maana wanayala kweli.

Acha bakuli siku moja au mbili, toa, weka jingine. Hilo ulilotoa liandike tarehe kwa kalamu, lifunike na mfuniko wenye matundu machache, liweke sehemu yenye joto 28 mpaka 30. Ukitaka kujua kama wametaga chimbua ukingoni kidogo na kijiti, utaona vitu kama punje za mchele ila vyembamba sana, rangi ya maziwa yaliyokolea, urefu milimita mbili na kidogo. Kila siku gusa udongo kwa kidole, ukikauka juu nyunyiza kwa chupa ya spreya, matone laini, usimwage. Siku ya 8 mpaka ya 13 utafungua asubuhi ukute udongo unatembea. Mi mpaka leo naitana na watoto waje kuangalia, ni vidude vidogo kama sisimizi, vyeupe kidogo vikitoka, baada ya masaa vinakuwa na rangi.

Hamishia hilo bakuli lote ndani ya beseni safi, waache watoke wenyewe, usiwashike. Wiki ya kwanza ndo wanakufa wengi, kwa kukosa maji au kwa kuzama, hivo pamba iwe na unyevu lakini ukiibonyeza maji yasitokee juu. Kuanzia wiki ya pili wanajitegemea.

Kuna kitu kitakushtua: siku moja utamkuta nyenje mweupe kabisa, laini, kama mzimu. Siyo ugonjwa. Amejivua gamba lake la zamani, anafanya hivo mara nyingi tu mpaka akomae, baada ya saa chache anarudi rangi yake. Ila saa hiyo ni mlaini na wenzake wanaweza kumla, ndo sababu trei ziwe nyingi apate pa kujificha. Ukiona miguu mitupu imetapakaa chini, wamebanana au protini haitoshi, gawa beseni.

Wakiugua

Ukikuta wengi wanalala chali, wanatembea kama wamelewa, tumbo limevimba na harufu inabadilika, kwa wa kahawia kuna kirusi chao ambacho kimeshafunga mashamba makubwa Ulaya na Marekani. Mtu hakimdhuru lakini beseni hilo halina dawa. Choma moto wote na trei zao, osha beseni kwa sabuni na jiki, anika juani siku kadhaa, anza na mbegu kutoka sehemu nyingine. Wala usiwale waliojifia, wa kula ni yule uliyemvuna mwenyewe akiwa mzima. Kila beseni liwe na pamba zake na visahani vyake, usihamishe hamishe.

Kuvuna

Vuna mabawa yakishatoka tu, wiki ya 6 mpaka ya 9 toka wameanguliwa kutegemea joto, wakikaa zaidi ngozi inakuwa ngumu. Kabla ya kuvuna chagua wa mbegu, wakubwa na wachangamfu, kwa majike matatu dume mmoja, wahamishie beseni lao na bakuli la kutagia uweke siku hiyohiyo, maana ukishaanza mambo ya jikoni utasahau.

Wa kuliwa wanyime chakula masaa 24 ila maji waache, tumbo linasafika na ladha inakuwa nzuri. Siku ya pili kung'uta trei ndani ya ndoo kavu, mwenye friza awaweke humo usiku kucha kwenye chombo kilichofunikwa, wanasinzia tu taratibu. Asiye na friza achemshe maji mengi kwanza yachachamae, awatie kwa mkupuo, iwe mara moja. Osha maji safi mara tatu, kisha chemsha dakika 5 kuanzia pale maji yanapochemka tena. Hata waliotoka friza lazima wachemshwe, baridi haiui vijidudu. Na ukishachemsha usiache sufuria mezani mpaka jioni, kuna vijidudu vingine vinastahimili kuchemshwa na vinaamka chakula kikikaa vuguvugu, kwa hiyo ama upike ule, ama ukaushe, ama urudishe kwenye baridi.

Kula

Wa kukaanga, nyonyoa mabawa na ile miguu mikubwa ya nyuma, ina miiba inakwaruza koo hasa kwa watoto. Senene unawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, nyenje hapana. Mama yangu alipokuja Mwanza nikampa sahani, akatafuna mmoja, akatulia, akasema "mwanangu, hawa hawana mafuta kama senene, waongezee", na kweli, vijiko viwili vya mafuta, kitunguu, chumvi, moto wa wastani, unageuza mpaka wanalia kwenye kikaango na wanakuwa wakavu. Pilipili na ndimu mwisho. Kwa ugali ni mboga kabisa.

Wa unga, baada ya kuchemsha chuja, tandaza kwenye wavu au ungo safi, funika na wavu mwingine nzi wasitue, anika juu ya kichanja na siyo chini. Mvua ikiwepo tumia oveni moto mdogo mlango ukiwa wazi kidogo. Wamekauka ukimvunja mmoja anakatika tak, akipinda bado. Kilo 3 mpaka 4 za wabichi zinatoa kama kilo 1 ya wakavu. Saga kwa blenda, chekecha, weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko wa kubana, mbali na jua, tumia ndani ya mwezi au miwili, una mafuta na unaweza kuchacha, ukinusa harufu ya mafuta ya zamani mwaga. Kwenye uji naweka sehemu 1 ya nyenje kwa 9 za unga wa mahindi au ulezi, chapati hivohivo, watoto hawaoni tofauti zaidi ya rangi kuwa nyeusi kidogo.

Kuna tahadhari moja ambayo nawaambia wote kabla hawajaonja: kama kamba au kaa wanakuletea mwasho, kuvimba midomo au kubanwa kifua, nyenje anaweza kukufanyia hivohivo, protini zao zinafanana. Usijaribu peke yako, ulizia kwa daktari. Wengine wote anza na mmoja au wawili, subiri mpaka kesho.

Ndugu zangu Waislamu mnaniuliza sana kuhusu uhalali. Nzige amehalalishwa wazi kwenye hadithi, ila nyenje wanazuoni wametofautiana kwa madhehebu, muulize shehe wako, mi siwezi kukujibia hilo.

Kuuza nitasema kidogo tu. Kula kwanza miezi sita nyumbani, ujue beseni lako linatoa ngapi na linakufa lini. Langu moja hunipa kilo 1 na kitu wabichi kwa mzunguko, kwa hiyo anayekuambia utajirike na beseni mbili anakuuzia mbegu. Ukitaka kufungasha unga na kuweka dukani hapa Tanzania unapitia TBS, shirika la viwango. Ulaya nako wameshaanza kuruhusu, Januari 2023 Umoja wa Ulaya uliidhinisha unga wa nyenje hawa wa kahawia kama chakula, lakini kwa kampuni iliyoomba na kwa masharti, siyo kila mtu apeleke gunia.

Kinyesi kinachobaki chini ya trei, kile kikavu kama unga wa kahawa, usitupe. Ukikusanya kila baada ya wiki mbili changanya na udongo kwenye viroba vya mchicha, kiroba kimoja makonzi mawili, mwagilia, acha wiki moja ndipo upande. Mchicha huo ndo naurudisha kwao.